Kipaza na Mchezo wa Kimya

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza kuandika shajara. Mambo makubwa yanakuja, na mtu wa mambo makubwa lazima aache kumbukumbu. Daftari nimelitoa kwenye kabati la mke wangu. Kurasa tatu za mwanzo zina vipimo vya mapazia. Nimeziacha kwa heshima.

Jambo lenyewe ni hili. Dada yangu haoni tangu alipokuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa na saba. Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyemshika mkono. Shuleni, sokoni, mpaka kazini kwake hospitalini, anakopokea simu na kumtambua kila daktari kabla hajajitaja. Na huu ni mwaka wa tatu, kila Jumamosi, nampeleka kwenye klabu yake ya michezo, ukumbi wa jamii nyuma ya stendi ya mabasi. Nakaa kwenye benchi. Namrudisha. Sikosi! Harusi za Jumamosi nazikataa, na mimi kazi yangu ni ushereheshaji! Mtu mwenye spika mbili na kipaza sauti chake akikataa Jumamosi, ni sawa na muuza miavuli anayefunga duka mvua ikianza.

Juzi Dada akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba nisijisumbue tena. Mwokaji anapita njia hiyohiyo.

Mwokaji! Mtu aliyejiunga na klabu mwezi uliopita! Unga mpaka kwenye nyusi. Maneno hana. Anacheka kwa pua.

Nilikosa hamu ya kula. (Nilikula, lakini bila hamu.)

Leo nimepata dawa. Tarehe 15 kuna mashindano ya mpira wa kengele dhidi ya klabu ya mtaa wa pili. Kila timu ina watu watatu: mmoja asiyeona, mmoja mwenye ulemavu mwingine, na mmoja asiye na ulemavu. Wote watatu wanafungwa macho ili wawe sawa. Dada ndiye nahodha. Wa pili ni Fundi Viatu, anayetembelea kiti cha magurudumu na kujisifu kwamba yeye ndiye fundi pekee ambaye soli zake haziishi. Nafasi ya tatu wanafikiria kumpa Mwokaji.

Wanafikiria! Maana yake hawajampa. Nafasi hiyo ni yangu. Ubavuni mwa dada yangu ndipo mahali pangu, na sitapaachia mtu wa maandazi.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza: kuonyesha thamani yangu.

Nilifika mazoezini na spika zote mbili. Nilizifunga mapema, wakati Mratibu yuko stoo. Mratibu ni mama mfupi mwenye filimbi shingoni na shada la funguo kiunoni, ndiye anayeendesha klabu nzima. Mchezo ulipoanza tu, nikawasha. Nikawasalimu wapenzi watazamaji. Watazamaji walikuwa mlinzi na mama mmoja aliyekuja kulala kwenye kivuli cha ukumbi. Akaamka.

Kumbe mpira ulikuwa njiani. Ulimpata Fundi Viatu kidevuni.

Mratibu alinieleza, akijizuia, kwamba mchezo huu unasikilizwa, hautangazwi. Mpira una kengele sita ndani. Unaviringishwa chini, na wanaolinda goli wanausikia, wanajitupa kuuzuia kwa mwili mzima. Goli lenyewe ni pana kama ukuta. Mpira ukiwa unatembea hakuna kupiga makofi, hakuna kunong'ona, hata kukohoa unakohoa kwa adabu. Shabiki akipiga kelele, timu yake inapewa adhabu: mchezaji mmoja anabaki peke yake kulinda goli zima.

Nilimuuliza ni mchezo gani huo usio na mtangazaji. Alisema ndio huu.

Dada alisema Mungu aliponiumba alisahau kuweka kitufe cha kuzimia. Wote wakacheka. Mwokaji kwa pua. Nami nikacheka, ila kwa nje tu. Mtaani kote wananiita Kipaza na sijawahi kuudhika, lakini leo jina liliniwasha kidogo.

Hata hivyo nikaomba kujiunga kama mchezaji. Mratibu alisema klabu ni ya kila mtu, hata mimi. Sikuipenda ile "hata".

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi nyumbani. Nilijifunga macho kwa mtandio wa mke wangu. Nikatia vijiko kwenye kopo la maziwa, nikawaambia pacha wangu wawili walirushe chini kuelekea kwangu.

Matokeo: nimezuia kabati. Nimezuia meza ya chai. Nimemzuia shemeji aliyekuja kusalimia, na ameondoka bila kusalimia.

Kopo halikuguswa. Mke wangu amesema vijiko vyake virudi, na kama nataka kulala chini mchana kutwa kuna sakafu inayongoja kudekiwa.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya aibu. Naandika kwa ufupi.

Nilivalishwa miwani ya klabu, ile myeusi yenye sponji na mpira wa kuvuta nyuma ya kichwa. Giza la kaburi! Chini kuna kamba nyembamba iliyobandikwa kwa utepe, unaipapasa kwa vidole ili ujue uko wapi. Mimi niliipapasa, nikaifuata, nikajikuta chooni.

Waliporudisha mwili wangu uwanjani, nikasikia kengele. Safi kabisa, upande wa kushoto. Nikajitupa kwa nguvu zangu zote. Nikaukumbatia.

Zilikuwa funguo za Mratibu. Nilikuwa nimekumbatia miguu yake. Mpira ulipita kulia, pole pole, kama mgeni asiyetaka kusumbua.

Mipira kumi, nimezuia sifuri. Mwokaji kumi, amezuia minane! Nilimuuliza siri yake. Alinijibu, na hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia akisema, kwamba ni mazoea ya kazi. Mkate ukitoka kwenye tanuri unaugonga chini kwa kidole na kusikiliza. Ukilia kama ngoma ndogo, umeiva. Ukinyamaza, unaurudisha. Miaka ishirini anasikiliza mikate.

Mimi miaka ishirini natoa sauti. Sijawahi kupokea.

Mratibu anasema mchezaji atatangazwa Jumamosi. Siku mbili! Njiani kurudi, nilimwona Dada mbele yangu, na Mwokaji kando yake. Hata hakumshika mkono! Walitembea tu, kila mtu na mikono yake. Dada alikuwa anacheka. Nilibaki nyuma yao mtaa mzima, nikijifanya nasoma mabango.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango wa pili. Huu ni wa akili.

Nilikwenda kwa Mratibu, nikamwomba miwani yangu nikaifue, maana usafi ni nusu ya michezo. Aliguswa. Alisema laiti angepata wanachama kumi kama mimi. Nilijisikia vibaya kwa muda wa hatua sita hivi, mpaka getini.

Nyumbani nikachukua sindano ya mapazia. Tundu moja kwa kila jicho. Dogo. Mtu wa nje haoni kitu, na mtu wa ndani anaona vya kutosha.

Nimelitafakari jambo hili kwa uaminifu. Si udanganyifu. Ni dirisha.

Jumamosi, 8 Juni

USHINDI!

Mipira kumi na miwili, nimezuia kumi na mmoja! Ule mmoja niliuachia makusudi, kwa unyenyekevu. Nilijitupa kushoto, nikajitupa kulia, mara moja niliuzuia kwa kisigino. Mratibu alipiga makofi mpaka akasahau filimbi. Fundi Viatu aliniuliza nimekula nini. Mwokaji alikuja kunipa mkono na kunipongeza, na ubaya wake ni kwamba alimaanisha. Mtu wa namna hiyo anachosha.

Mratibu ametangaza: nikiendelea hivi, tarehe 15 nacheza mimi.

Dada tu ndiye ambaye hakunipongeza. Aliniuliza ule mpira wa tatu, uliokuja wakati basi linapiga honi nje, niliusikiaje. Nikamwambia kwa masikio. Alisema masikio yangu yamepona ghafla. Nikamwambia ni mazoezi.

Lakini nimemrudisha nyumbani mimi! Mkono wangu, mkono wake, kama zamani. Nilimsimulia kila mpira, mmoja mmoja, na ule wa kisigino mara mbili. Pale kwenye kona ya duka la rangi alinivuta kiwiko, akasema, "Shimo, mdogo wangu." Nikamwambia najua. Nikaingia ndani. Maji mpaka kwenye soksi.

Yeye alipita pakavu. Sijui anafanyaje.

Jumapili, 9 Juni

Nilikuwa na harusi. Nilijiahidi nisiseme lolote kuhusu timu, maana mtu mzima hajisifu.

Nilisema kabla ya keki. Halafu baada ya keki nikawaalika. Wageni mia mbili! Nikawaambia waje na vigelegele, vuvuzela na watoto. Bwana harusi alinikumbusha kwamba leo ni siku yake.

Jumatatu, 10 Juni

Viatu bado vimelowa, na kimoja kimeachia soli. Nikakipeleka kwa Fundi Viatu kibandani kwake.

Alikuwa anashona kitu cha ngozi, cha mviringo. Aliponiona akakifunika kwa aproni. Nikamuuliza ni nini, akasema kiti cha baiskeli. Kiti kikubwa kweli.

Akawa anapiga misumari huku akizungumza, bila kuniangalia. Alisema katika miaka yake ya mpira wa kengele amegundua jambo moja. Mtu anayesikia mpira hugeuza sikio kwanza, halafu mwili. Mimi, alisema, nageuza pua.

Nilicheka sana. Nilicheka zaidi ya ilivyohitajika. Nikalipa nikaondoka na kiatu cha mguu mwingine.

Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Lakini wazee hawakusema kwamba haiwezi kupanuliwa. Kuanzia leo najifunza kugeuza sikio. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: sikio, kisha mwili. Sikio, kisha mwili. Mara mia.

Jumanne, 11 Juni

Shingo imekwama. Naangalia kulia tu. Sikwenda mazoezini. Mke wangu amenikalisha dirishani ili niwe naangalia kitu.

Jumatano, 12 Juni

Mwokaji amekuja kuniona. Na mkate! Nilitaka kumkasirikia lakini alikuwa amekaa upande ambao shingo yangu haifiki.

Alisema amesikia naumwa na mechi iko karibu, basi amekuja kunifundisha kusikiliza, isije nafasi ikanipotea. Nafasi aliyonyang'anywa yeye! Akanifumba macho kwa leso, akagonga mkate: huu umeiva. Akagonga mwingine: huu haujaiva, uko mbichi katikati. Nilisikiliza. Kwa mara ya kwanza nikasikia kitu. Kweli kuna tofauti! Nilitaka kumwambia lakini nilikuwa nimeshaanza kulila somo lenyewe.

Halafu akasema jambo, kwa kawaida tu, kama mtu anayeomba chumvi. Alisema Dada ndiye aliyemwomba atembee naye Jumamosi. Hahitaji kuongozwa, njia anaijua kwa hatua. Alimwambia kwamba mdogo wake amekataa harusi za Jumamosi miaka mitatu kwa ajili yake, na kwamba akimwambia tu abaki nyumbani hatakubali, mpaka aone kuna mtu mwingine njiani.

Basi hakuwa amenichoka! Alikuwa ananipa Jumamosi zangu.

Mwokaji alipoondoka nililia. Nililia upande wa kulia tu, kwa sababu ya shingo. Nilidhani nitafurahi, lakini sikufurahi. Mimi Jumamosi sizitaki. Nitazifanyia nini? Tangu nina miaka saba, nikiulizwa mimi ni nani, jibu langu la kwanza si Kipaza wala mshereheshaji. Ni macho ya dada yangu. Asipohitaji macho, mimi nabaki nani? Mtu mwenye spika mbili.

Nilifikiria kuiungama ile miwani. Kweli nilifikiria, kwa muda wa kikombe kizima cha chai.

Kisha nikachukua sindano, nikapanua matundu kidogo. Kwa shingo hii, dirisha la kwanza halitoshi.

Alhamisi, 13 Juni

Za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa nne.

Mazoezi ya mwisho. Shingo imelegea. Dada alisema leo yeye ndiye atakayenirushia, anataka kujua mlinzi wake ana nguvu gani. Nikavaa miwani. Nikapiga magoti. Mpira wa kwanza, sikio, kisha mwili: nimezuia. Wa pili: nimezuia. Wa tatu: nimezuia, na nikajiviringisha mara mbili kwa mapambo.

Wa nne ulikuja ukutani kabisa, kona ya mbali. Nilijitupa kama samaki. Nikaudaka kwa ncha za vidole. Nikaukumbatia kifuani. Mzuio bora kuliko yote katika historia ya ukumbi ule!

Hakuna aliyepiga makofi.

Dada aliniuliza, kwa sauti ndogo, kama nimeupata. Nikamwambia nimeupata barabara. Akaniambia niutikise.

Nikautikisa. Haukulia.

Nikautikisa tena. Kimya. Nikasikia Fundi Viatu akivuta pumzi ya mtu anayezuia kicheko kwa meno. Kiti cha baiskeli! Alikuwa ameshona mpira pacha, ngozi ileile, ndani pamba tupu badala ya kengele. Unatembea kama paka kwenye zulia. Ukumbi mzima hakuna sikio lililousikia, na mimi nimekwenda kuupokea kwenye kona kama mgeni wangu!

Mratibu alinivua miwani akainyanyua kuelekea dirishani. Nyota mbili. Kubwa, maana jana nilizipanua.

Walicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza. Fundi Viatu alishikilia magurudumu yake. Mwokaji alicheka kwa pua, lakini akaniletea maji. Dada hakucheka. Alikuja akikanyaga ile kamba, akakaa chini karibu yangu sakafuni. Akaniuliza kwa nini.

Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri. Nikayaacha yote. Nikamwambia ukweli: nilitaka aendelee kunihitaji.

Kisha akaniuliza kama nakumbuka siku ya kwanza niliyompeleka shule. Nikamwambia naikumbuka, nilimshika mkono imara. Akasema ndiyo, nilimshika imara, nikamwingiza mtaroni, kwa sababu nilikuwa naangalia ndege inapita. Tulifika shule na matope mpaka kiunoni. Tangu siku hiyo, alisema, yeye ndiye anayeshika kiwiko changu, kwa sababu mtoto huyu asiposhikwa atakufa barabarani.

Miaka thelathini na nane! Kumbe aliyekuwa akiongozwa ni mimi!

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema nilikuwa na furaha sana, na yeye alipenda kuwa na mimi. Kisha akasema anapenda bado. Lakini mdogo wangu, akasema, kukupenda ni kitu kimoja na kukufundisha kukwepa mashimo ni kitu kingine, na mimi nimechoka na mashimo yako.

Nikalia tena, safari hii pande zote mbili.

Mwokaji anacheza. Ndiyo haki. Mimi Mratibu alitaka kunifungia nje, lakini Dada akasema hapana, kuna kazi. Wameshasikia habari za wageni wangu mia mbili na vuvuzela. Dada amesema niliyeita kelele ndiye nitakayeituliza. Keshokutwa mimi ndiye Mkuu wa Kimya.

Ijumaa, 14 Juni

Najizoeza kunyamaza. Nimenyamaza tangu chai mpaka jioni. Pacha walidhani naumwa. Mke wangu amesema ndoa yetu haijapata siku nzuri kama hii tangu tuoane, na ameniandalia viazi vya kukaanga bila kuombwa.

Nimetengeneza bango la boksi. KIMYA. Herufi nyekundu.

Jumamosi, 15 Juni

Nitaandika yote kwa utaratibu, ingawa kalamu inaruka.

Walikuja. Mia mbili na zaidi, wengine wamevaa zile nguo za harusi. Nilisimama mlangoni nikakusanya vuvuzela kwenye ndoo ya mlinzi. Bibi mmoja aliniuliza hii ni mechi au ni msiba. Nikampa pipi ya kikohozi.

Mratibu alipuliza filimbi. Niliinua bango. Ukumbi mzima ukanyamaza, watu mia mbili, na sijawahi kusikia kitu kikubwa namna ile. Miaka ishirini nashika kipaza sauti na sijawahi kuwafanya watu wasikilize hivi! Kengele ilisikika ikitoka upande ule, ikija, ikija, na mwili wa mtu ukiipokea. Unasikia hata vidole vikipapasa kamba. Kimya kingi kina mshindo, nimeamini.

Wapinzani walikuwa hodari. Nahodha wao, kijana mrefu asiyeona, ana mkono kama mashine. Mbili kwa mbili. Tatu kwa tatu. Nne kwa nne. Fundi Viatu alilala sakafuni kama ukuta, akazuia mitatu kwa kifua. Mwokaji alizuia mmoja aliousikia peke yake, nina hakika, hata mpira wenyewe haukujisikia. Dada akatupa wa mwisho wetu, ukapita katikati ya miguu ya mtu. Tano kwa nne! Ikabaki nusu dakika.

Nahodha wao akarusha. Nikaona mpira unakwenda kwenye pengo kati ya Dada na Mwokaji. Na nikaona Dada anaegemea upande usio wake! Neno likapanda. "KUSHOTO!" Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Niliingiza bango mdomoni nikaliuma. Herufi K yote ikaingia.

Dada hakuwa anaegemea. Alikuwa anasikiliza. Aligeuka, akajitupa kushoto, mpira ukamgonga kiunoni, ukatulia.

Na hapo ndipo mimi, Mkuu wa Kimya, nikatema boksi na kupiga ukelele wa furaha uliosimamisha mabasi ya stendi.

Mpira ulikuwa bado hai. Filimbi ilikuwa haijalia. Mratibu alinigeukia pole pole. Adhabu.

Fundi Viatu akavutwa nje ya uwanja. Mwokaji akatoka. Akabaki Dada peke yake, amepiga magoti katikati ya goli pana kama ukuta, sekunde nane zimebaki, na yote kwa sababu yangu. Maisha yangu yote nimetamani tubaki sisi wawili tu dhidi ya dunia. Sasa alikuwa mmoja, na wa kumweka hivyo ni mimi.

Watu wote walinitazama. Niliinua kile kilichobaki cha bango. Kilisomeka IMYA. Wakanyamaza.

Nilifumba macho. Sijui kwa nini, nilifumba tu, kama yeye. Kengele ikaanza. Safari hii niliisikia. Wallahi niliisikia! Ilitoka katikati, ikakata kwenda kulia, kulia zaidi, na nikajua Dada hafiki. Nikasikia nguo yake ikiburuzika sakafuni. Kisha kishindo kidogo. Kisha hakuna kengele.

Sikufumbua mpaka filimbi ilipolia.

Aliuzuia kwa vidole vya mguu. Vya mguu! Ukumbi ukalipuka, vuvuzela zikatoka kwenye ndoo, bibi wa pipi alimkumbatia mlinzi. Mimi sikuweza kutoa sauti. Kipaza mzima, nimesimama na boksi mkononi, machozi yanatiririka.

Dada alivua miwani yake akaja moja kwa moja nilipo, katikati ya kelele zote zile. Nikamuuliza amejuaje nimesimama wapi. Alisema katika kimya kile chote kulikuwa na mtu mmoja anahema kama ng'ombe, na angeniua, lakini alipokuwa peke yake pale kati alifurahi kunisikia.

Tulirudi nyumbani watatu, yeye, mimi na Mwokaji. Kwenye kona ya duka la rangi Dada alisema, "Shimo." Nililikwepa.

Mwokaji ndiye aliyeingia.

Jumapili, 16 Juni

Nimekaa na kutafakari kwa dhati. Nimejifunza mengi. Uaminifu, unyenyekevu, kusikiliza. Mtu aliyeanza daftari hili si huyu anayeandika leo.

Mratibu ametangaza mchezo wa mwezi ujao: voliboli ya kuketi. Wote wanacheza wamekaa chini, wenye miguu inayotembea na wasiotembea, na kanuni kubwa ni kwamba makalio yasinyanyuke sakafuni. Timu ya Dada inahitaji watu sita. Sita! Nafasi tele. Mtihani ni Jumanne.

Tatizo ni kwamba mimi ni mfupi kuanzia kiunoni kwenda juu. Nikikaa, wavu siufikii. Nimepima.

Nimelifikiria sana jambo hili. Suruali pana, na ndani yake, palepale pa kukalia, kipande cha sponji ngumu cha inchi nne. Mtu wa nje haoni kitu. Makalio hayanyanyuki hata kidogo, yanakuwa tu yamekaa juu zaidi. Si udanganyifu. Ni mto.

Mchana nilikwenda kwa Fundi Viatu, maana kazi hii inataka mkono wa fundi na mtu wa kutunza siri. Amekubali palepale! Amenipima vizuri, kwa heshima zote, na amesema kesho utakuwa tayari. Swali lake lilikuwa moja tu: naupenda wenye kengele au usio na kengele?

Sijaelewa alikuwa anacheka nini.